Maswali na Majibu: Ningu, Samaki wa Mawe na Mafuriko

Barua kuhusu ningu zimeongezeka tangu masika yaanze. Tumechagua zenye maswali yanayojirudia na kuzifupisha. Jambo moja kwanza: jina ningu linabeba samaki zaidi ya mmoja. Yule wa Ziwa Victoria na mito yake ni *Labeo victorianus*, na nje ya beseni la ziwa hilo hapatikani. Yule wa Ruvu, Wami, Rufiji na mito mingine inayoishia Bahari ya Hindi mara nyingi ni *Labeo cylindricus*, mwembamba, wa mviringo, mwenye wekundu sehemu ya juu ya jicho. Wanakula kwa namna moja. Pale majibu yanapotofautiana tumetaja ni yupi tunayemzungumzia.

SWALI: Ndugu mhariri, tumebishana kijiweni hadi ugomvi. Mwenzangu anasema ningu anakula matope kwa sababu ukimpasua tumbo lina tope tupu. Mimi nasema anakula majani ya majini. Nani kapatia?
*Mvuvi, Bunda*

JIBU: Hakuna aliyepatia, ila mwenzako yuko karibu zaidi. Chakula cha ningu ni ukoga, ule utelezi unaoshika juu ya mawe, magogo na vitu vyote vigumu vinavyokaa majini. Ukiutazama kwa hadubini unakuta diatomu (miani midogo yenye magamba magumu kama kioo), nyuzi fupi za miani ya kijani, bakteria, viluwiluwi vya wadudu vidogo sana, na chembechembe zilizotua kutoka kwenye maji.

Mtazame mdomo. Hauko mbele ya uso kama wa sato, uko chini, umefunikwa na pua nene yenye nyama. Midomo ni minene na ukingo wake umekomaa ukawa mgumu. Kwenye taya hana jino hata moja. Akila huinamisha kichwa, hugandamiza mdomo juu ya jiwe na kukwangua huku akisogea, kisha hufyonza kilichobanduka. Meno yapo, lakini yako kooni, na ndiyo yanayosaga ukoga kabla haujapita.

Baada ya koo hakuna tumbo la chakula. Samaki wa ukoo wake wote hawana kifuko hicho, chakula kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Ndiyo maana utumbo wa ningu ni mwembamba na mrefu kupita kiasi, umejikunja mizunguko mingi. Katika jamii yake wapo ambao utumbo unazidi urefu wa mwili mara 10 na zaidi. Ukoga una lishe kidogo kwa kila mkwanguo na huchukua muda kusagika, kwa hiyo lazima ale kwa saa nyingi na chakula kikae safarini muda mrefu.

Sasa tope la mwenzako. Pale mto unapotulia na mawe yakawa machache, diatomu hukaa juu kabisa ya tope, kwenye utando mwembamba wa rangi ya kahawia. Ningu huufyonza utando huo na tope humezwa humohumo. Tope ni gunia tu, chakula ni kilichomo. Mkitaka kumaliza ubishi, nendeni mahali penye maji ya kina cha goti, mgeuze jiwe lililopigwa na jua na jingine la kwenye kivuli au kina kirefu. La kwanza litateleza mkononi, la pili litakuwa kavukavu hata likiwa limelowa. Miani ya ukoga huhitaji jua kama mmea, bila mwanga haikui. Mto ukichafuka kwa udongo mwaka mzima, mwanga haufiki kwenye mawe na ningu anakosa chakula ingawa maji yapo tele.

SWALI: Habari mhariri. Huku kwetu kando ya mto Nzoia ningu huonekana mvua kubwa zikianza, kisha hupotea. Wazee wanasema zamani walikuwa wanajaa migono (mitego ya kusuka) hadi inapasuka. Je, ni sangara aliyewamaliza?
*Msomaji, Siaya*

JIBU: Sangara ana makosa mengi, lakini hili si lake la kwanza. Uvuvi wa ningu wa mto Nzoia ulikuwa umeshaporomoka kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati sangara ndio kwanza ameletwa. Sangara alikuja kutapakaa ziwani miaka ya 1980.

Kujua kilichotokea, fuata safari ya ningu. Sehemu kubwa ya mwaka wakubwa hukaa ziwani, hasa kwenye maji yasiyo na kina karibu na ufuo na midomo ya mito. Mvua za masika zikianza, na tena zile za vuli, maji ya mto hupanda, hubadilika rangi na kuingia ziwani kwa nguvu. Hapo majike waliojaa mayai na madume hujikusanya mdomoni mwa mto, kisha hupanda kwa makundi. Nzoia, Yala, Sondu-Miriu, Kuja, Mara na Kagera zote zilikuwa njia zao.

Hawatagi katikati ya mkondo. Wanatafuta mahali mto ulipofurika: nyasi zilizozama, vijito vya msimu, madimbwi ya pembeni yaliyoungana na mto kwa siku chache. Jike mmoja mkubwa hubeba makumi elfu ya mayai. Hayalindi. Huyamwaga, dume huyarutubisha, na wakubwa hurudi ziwani. Katika maji ya joto mayai huanguliwa ndani ya siku moja hadi mbili. Haraka hiyo ina sababu, kwani dimbwi la mafuriko halidumu. Maji yakishuka, vitoto hutoka nayo na kubaki mtoni kwa muda, wakikua kabla ya kuteremka ziwani.

Njia hii ina mlango mmoja tu, nao ni mdomo wa mto. Migono ya wazee iliwekwa kwenye uzio wa matete na miti. Ilinasa samaki wengi, kweli, lakini uzio ulivunjwa na mafuriko makubwa, ulikuwa na mianya, na baadhi ya migono ilielekezwa kuwanasa wanaoshuka, yaani waliokwisha kutaga. Nyavu za makila (zinazomnasa samaki kwenye mashavu) zilipoenea, na hasa za nailoni katika miaka ya 1950, zilitandazwa mbele ya midomo ya mito wiki zilezile ambazo samaki wamejikusanya. Ukivua hapo unavua majike wenye mayai karibu wote, na kizazi cha mwaka huo kinaishia kwenye wavu. Miaka kadhaa ya namna hiyo ilitosha. Baadaye zikaja nyavu za macho madogo, kukaushwa kwa mabwawa ya asili kandokando ya mito, udongo wa mashambani, na sangara juu ya yote hayo.

Leo IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi, umemweka ningu wa Ziwa Victoria kwenye kundi la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kama BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wenu inapanga kanuni zake, shughulikieni wiki za kwanza za mvua mdomoni mwa mto kabla ya jambo jingine lolote. Kufunga uvuvi mwezi wa kiangazi, wakati ningu hayupo mtoni, hakumsaidii kitu.

SWALI: Shikamooni. Kikundi chetu cha umwagiliaji kimejenga kizuizi cha zege chenye kimo cha mita 1.5 kwenye kijito. Mvua zikianza ningu wadogo na wakubwa hurundikana chini ya ukuta na watu wanawachota kwa ndoo. Nilisikia ningu anaweza kupanda ukuta. Mbona hawa wanashindwa?
*Katibu wa kikundi, Mvomero*

JIBU: Marahaba. Ni kweli anapanda. Ningu wa mito ya huko, *cylindricus*, hutumia mdomo wake kushika na mapezi mapana ya kifuani kujishikiza, akapanda mwamba uliolowa na hata kuta za mabanio. Lakini anahitaji njia iliyolowa bila kukatika kutoka chini hadi juu. Ukuta wenu una moja kati ya kasoro mbili. Ama sehemu ya juu imetokeza mbele kidogo, kwa hiyo maji yanaruka hewani na kuangukia mbali na ukuta, samaki akifika juu anakuta zege kavu. Ama maji yote yanapita katikati kwa kishindo na pembeni ni pakavu. Jaribuni kumwaga ndoo ya maji polepole juu ya ukingo na kutazama: yakishikamana na ukuta hadi chini, kasoro ni ya pili.

Dawa ya kweli ni ngazi ya mawe upande mmoja wa kizuizi. Mteremko uwe mita 1 ya kupanda kwa kila mita 15 hadi 20 za urefu, kwa hiyo ukuta wenu unahitaji kati ya mita 22.5 na 30. Hamna nafasi hiyo kwenda moja kwa moja? Ikunjeni. Pangeni mawe ya sentimita 30 hadi 50, nusu yake izame kwenye zege na nusu ibaki juu, yakiachana ili maji yapite kwa kuzungukazunguka. Kina cha maji kati ya mawe kisipungue sentimita 20. Kila baada ya mita chache acheni kidimbwi cha kupumzikia.

Makosa mawili yanaua kazi hii hata ikijengwa vizuri. La kwanza ni mlango wa chini kuwekwa mbali. Samaki hufuata mkondo wenye nguvu hadi ukutani na hukaa pale, harudi nyuma mita 20 kutafuta njia. Mlango lazima uwe jirani na mguu wa ukuta, nayo ngazi ijikunje kurudi. La pili ni ukingo wa juu kuwa sawa kote: maji yakipungua, ngazi hukauka kwanza. Chongeni upenyo juu ya ngazi, chini ya ukingo mwingine kwa sentimita 10 hadi 15, ili maji machache yaliyopo yapite hapo. Kila mafuriko yakipita ondoeni magogo na takataka, na pigeni marufuku ndoo na vyandarua kwenye ngazi yenyewe, maana ngazi inayovuliwa ni mtego tu. Mabadiliko ya kizuizi yanahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, anzieni hapo kabla ya kununua saruji.

Na mkiwa kwenye kazi hiyo, tazameni bustani zenu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Udongo unaoporomoka kutoka matuta ya pembeni ndio utakaofunika mawe ambayo ningu wenu wanayapandia.

SWALI: Mhariri, tulipotembelea Chemchemi za Mzima, katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, tuliona samaki wakiwazunguka viboko na kuwagusa kwa mdomo. Je, wanawauma? Na kiboko mbona hakasiriki?
*Mwanafunzi, Voi*

JIBU: Hawawezi kuuma, kumbuka taya halina meno. Hao ni ningu, na ngozi ya kiboko aliyeshinda majini hushika ukoga kama jiwe lolote. Ningu hukwangua ukoga huo pamoja na ngozi iliyokufa, kwenye nyayo, kwenye mikunjo, mkiani, hata mdomoni kiboko akiupanua. Kiboko huonekana kuwapa nafasi, hutanua miguu na vidole.

Mzima ni mahali pazuri sana pa kuliona hilo kwa sababu maji yake yamechujwa na mawe ya volkano ya vilima vya Chyulu na ni maangavu kupita kawaida. Viboko hula nyasi nchi kavu usiku na kurudisha samadi majini mchana. Samadi hurutubisha miani na kulisha wadudu wadogo, na ningu hupata sehemu yake. Mkirudi, ingieni chumba cha kutazamia kilicho chini ya usawa wa maji, mkae kimya. Ukingoni msisogee: mamba wapo.

SWALI: Mimi ni mama mfugaji, nina bwawa la sato la mita 10 kwa 20. Maji yamekuwa ya kijani kizito kama mchicha uliosagwa. Nikiingiza ningu wachache kutoka mtoni, watalisafisha? Na je, wanaweza kuzaliana humo?
*Mama mfugaji, Bukoba*

JIBU: Hapana, mama, kwa yote mawili. Kijani unachokiona ni miani inayoelea, haijashika popote. Mdomo wa ningu umeumbwa kukwangua, hauwezi kuchuja maji. Sato wako ndio wanaoweza kuila hiyo, hata hivyo imewazidi.

Pima kwanza. Kata duara la bati la sentimita 20, ligawe robo nne, paka nyeusi na nyeupe kwa kupishana, lifunge kamba yenye alama kila sentimita 5 na uzito chini. Lizamishe saa za mchana hadi litoweke machoni, soma kamba. Kati ya sentimita 25 na 40 ni sawa. Chini ya 20 ni hatari, kwa sababu usiku miani yote hiyo hutumia hewa badala ya kuitoa, na alfajiri utakuta samaki wamepandisha midomo juu wakitweta. Ikiwa uko hapo, simamisha mbolea kabisa, simamisha chakula siku mbili hadi tatu, na badilisha robo hadi theluthi ya maji, ukitoa yale ya chini na kuingiza mapya asubuhi. Usiue miani kwa dawa mara moja, ikioza kwa pamoja hewa itaisha na utapoteza sato.

Kama unataka ukoga wa kukwanguliwa, unaweza kuupanda, na sato pia huula. Chomeka mianzi mikavu wima bwawani. Mwanzi wenye kipenyo cha sentimita 5 uliozama mita 1 una eneo la takriban mita za mraba 0.16, kwa hiyo mianzi 3 kwa kila mita ya mraba inakupa karibu nusu ya eneo la bwawa. Kwa bwawa lako la mita za mraba 200 ni mianzi 600. Ni mingi, anza na kona moja uone. Iache wiki mbili ishike utelezi kabla ya kuingiza vifaranga, na usiibanane ikaleta kivuli. Mianzi mibichi haifai, hutoa maji machungu na huoza haraka.

Kuhusu kuzaliana: bwawa lililotulia halimpi ningu ishara anazozingoja, yaani maji kupanda, mkondo na uwanja uliofurika. Jike hukomaa mayai kisha huyanyonya tena mwilini. Wataalamu wa Uganda na Kenya wamefanikiwa kumtagisha kwa sindano ya homoni, lakini hiyo ni kazi ya kituo chenye vifaa: mayai hukamuliwa, huchanganywa na manii, hulelewa kwenye maji yanayotembea taratibu, na vitoto huanzishiwa vijidudu vya majini, kwa kuwa mdomo wa kukwangua haujakomaa bado. Ningu wa mtoni waache mtoni. Wamebaki wachache, na ukiwahitaji kwa kufuga, vifaranga vitoke kituoni kwa ushauri wa afisa uvuvi wa wilaya.

SWALI: Chambo gani kinamvuta ningu kwenye ndoana?
*Kijana, Ifakara*

JIBU: Hakuna cha kutegemea. Mnyoo na dagaa havimhusu. Mara mojamoja hunaswa kwa ndoana ndogo yenye donge la unga lililolala chini juu ya mchanga, na mara nyingi ndoana humkwaa ubavuni tu. Tafuta kuyu, anaishi mito hiyohiyo na anapenda chambo. Utamtofautisha kwa mdomo ulio mbele ya uso na sharubu zinazoonekana wazi. Za ningu ni fupi mno, zimejificha kwenye pembe za mdomo.

SWALI: Ningu ana ladha lakini miba yake inatisha watoto, na mara nyingine ananuka tope. Nifanyeje?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

JIBU: Harufu inatoka tumboni. Ule utumbo mrefu umejaa ukoga unaochacha, na samaki akikaa saa chache juani bila kupasuliwa, harufu huingia kwenye nyama. Mpasue mara tu unapompata, toa utumbo bila kuukata, halafu ukikuta utando mweusi ndani ya tumbo usugue kwa chumvi hadi utoke. Osha, paka limau na chumvi, acha nusu saa.

Miba inayosumbua si ya ubavuni. Ni ile myembamba yenye umbo la Y iliyojificha ndani ya mnofu, hasa mgongoni na kuelekea mkiani, na kwa kisu huwezi kuitoa. Ikate mahali ilipo. Weka samaki ubavu, kwa kisu kikali piga mikato ya kukinga, ikiachana milimita 3 hadi 4, ikifika karibu na uti wa mgongo bila kuutenganisha. Geuza, fanya upande wa pili. Utasikia miba ikikatika chini ya kisu, na usipoisikia kisu ni butu. Kaanga kwenye mafuta mengi yenye moto mkali hadi akauke, vipande vya miba vitakuwa vifupi na vya kutafunika. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu nyama itaiva na miba itabaki ilivyo. Akiwa mkubwa kuliko kiganja na nusu, mkaushe kwa moshi kwanza, kisha mchemshe kwa ukwaju kwa moto mdogo zaidi ya saa moja. Watoto wadogo kabisa wape wa kukaanga, sehemu ya tumbo tu, pale miba ni mikubwa na inaonekana.